Niliambiwa Daraja, Nikajenga Daraja

Kisa hiki wanangu wanakijua nusu tu, na ile nusu ya pili nimekuwa nikiiruka miaka yote kwa sababu ndiyo yenye mimi ndani ya maji. Lakini kwa umri huu nilionao sioni tena faida ya kuificha, na aliyenisitiri mara nyingi ni Mwenyezi Mungu, si mimi mwenyewe. Basi sikilizeni, na mkitaka kucheka mcheke.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha. Tulikuwa tumeshatoka Unguja na kukaa Ibra, huku Omani, na mie nikapata kazi katika skuli moja ya wavulana, niwasomeshe vijana wa mwaka wa mwisho hesabu na fizikia kwa Kiingereza, kila siku baada ya sala ya alasiri. Masomo yao ya asubuhi yalikuwa kwa Kiarabu, na aliyetaka kupelekwa ng'ambo kusomea uhandisi alikuwa hana budi ajue kuzisema hesabu zake kwa lugha ya huko anakokwenda. Nikiwakumbuka vijana wale, na kanzu zao zilizojaa chaki, moyo wangu hunywea na kufurahi kwa pamoja.

Mmoja akiitwa Nasser, mtoto wa mfugaji kutoka milima ya Dima wa Tayyin, akikaa kwa shangazi yake Ibra ili asome. Mkimya, halafu hesabu zikimtoka kama mtu anayekumbuka kitu alichokwisha kukijua. Baba yake alikuwa amemwambia wazi kwamba mwaka huu akikosa safari arudi mlimani kwenye mbuzi, kwa sababu mzee magoti yamechoka. Sote darasani tulilijua hilo.

Sasa Kiarabu changu. Qur'ani nilihitimu utotoni, na vitabu vya fiqhi nimesomeshwa na mashekhe (Mungu awarehemu), lakini Kiarabu cha sokoni na ofisini kilikuwa kikinipiga chenga. Nikifungua mdomo watu wanatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa likiniuma kuliko tusi. Basi nikajizoesha kuitikia "tayyib, inshallah" kwa kila ninaloambiwa, nimelielewa au sikulielewa.

Siku ya Ijumaa, nje ya msikiti, mudiri wetu, yaani mkuu wa skuli, Mmisri mmoja anayesema mbio mbio, alinipitia mguu mmoja umeshaingia ndani ya gari, akaniambia, "Ya ustaz, jahhiz darajaat it-talaba, il-lagna gayya yom il-arba'." Akafunga mlango. Jahhiz nimeijua, ni tayarisha. Talaba ni wanafunzi, lagna ndiyo ile kamati ya kuchagua wa kupelekwa ng'ambo, siku ni Jumatano. Darajaat? Na sisi darasani wiki ile nzima tulikuwa tukisoma jinsi daraja linavyobeba uzito. Nikasema tayyib, inshallah.

(Neno hilo limo ndani ya Qur'ani, la watu kunyanyuliwa vyeo juu ya vyeo, nami nimelisoma tangu chuoni. Lakini msikitini akili yangu ilikuwa Mwarabu, na ikitoka nje inavaa viatu vyake na kurudi Unguja.)

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba Jumatano wageni wanakuja kutazama madaraja ya wanafunzi.

"Madaraja?" akasema. "Ibra hii? Ya kuvukia nini, mchanga?"

"Wahandisi hao, Bi Zuwena. Wanataka kuona kazi ya mikono."

"Kamuulize tena mudiri."

"Nimuulize vipi? Atasema mwalimu huyu hajui Kiarabu."

"Na hujui," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Sikuuliza. Hapo ndipo palipoanzia yote.

Jumamosi nikawaambia vijana waache mazoezi, tunajenga. Na kwa kuwa sarufi naijua, nikajua darajaat ni wingi, na wingi wa Kiarabu huanzia tatu, ila magogo ya mtende tuliyopewa na jirani yalitosha mawili. Dogo tukaliweka juu ya mfereji wa falaji nyuma ya skuli, mfereji ambao mbuzi anauruka bila ya kufikiri. Kubwa, alilolichora Nasser, tukaliweka pale maji yanapokusanyika yakawa mapana kabla ya kuingia mashambani. Vijana walifanya kazi wakiimba. Mudiri akatuona kwa mbali akafurahi, kumbe alidhani tunapamba.

Jumatano wakaja, wageni watatu na dereva wao. Mkubwa wao mzee mmoja wa Sur, mkimya, joho jeusi. Nusu ya mji ilikuwa imekuja kutazama. Mudiri akanigeukia mbele ya watu, akauliza ziko wapi darajaat, nami nikayanyooshea mkono madaraja yetu kwa fahari yote niliyopewa, nikasema, "Hizi hapa, tafadhalini."

Halafu kijana mmoja katika wale wageni, aliyezaliwa Unguja kama mimi, akanisogelea akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mwalimu. Wanataka maksi za vijana."

"Maksi?"

"Darajaat ni maksi, mwalimu."

Alipowafasiria wenzake, kicheko kilianza kwao kikafika mpaka kwa watoto waliopanda ukutani. Mzee wa Sur peke yake hakucheka. Akasema kwamba bila ya maksi hana la kuchagulia, na wakishakula chakula cha mchana wanaondoka kwenda Nizwa. Nikamtazama Nasser, nikawaona wale mbuzi wa baba yake.

Lakini mzee akalitazama daraja kubwa, akauliza kwa Kiingereza nani aliyelichora, na linabeba watu wangapi. Nasser akatoka mbele. Na wakati huo wageni wawili, mudiri na dereva walikuwa wameshapanda wakilijaribu kwa miguu.

"Wanne," akasema Nasser. "Gogo la kushoto lina ufa, nimeuona leo asubuhi. Wa tano asipande."

Nikahisi kijana amejimaliza. Mtu anasimama mbele ya kamati akaitia ila kazi yake mwenyewe? Nikataka kumwokoa. Nikasema, "Msimsikilize, ana haya tu huyu," na mguu wangu ukawa umeshafika juu.

"Ustadhi, la," akasema Nasser.

Mlio wa gogo lile likikatika nausikia mpaka leo. Sote watano tukaingia majini mpaka kiunoni, mudiri akitafuta miwani yake, mimi kilemba changu nikikitazama kinavyochukuliwa na maji kuelekea mashamba ya watu. Na pale ukingoni, mzee wa Sur akamuuliza Nasser kwa nini hakunizuia.

"Nimemwambia la," akajibu. "Zaidi ya hapo siwezi, ni mwalimu wangu."

Wageni walipokuwa wakila chakula cha mchana kwa mudiri, katika kanzu za kuazima, mie nilikuwa nimekaa darasani na nguo zinazochuruzika, nimezungukwa na madaftari ya vijana wote, najumlisha. Nikawakabidhi maksi garini kwao, karatasi imelowa pembeni.

Majina yaliposomwa, la Nasser lilikuwemo. Baba yake akashuka kutoka mlimani na beberu wa kutuchinjia, akaninyooshea mkono, akasema, "Ndiye wewe uliyevunja daraja la mwanangu?" Nikasema ndiye, alhamdulillahi.

Toka siku ile nimeapa, na sijavunja kiapo, kwamba nisichokielewa nakiuliza, mara moja, mara mbili, hata ya tatu, mbele ya yeyote. Wajukuu zangu wanadhani masikio yangu yameharibika, wananipigia kelele kama niko ng'ambo ya bonde la wadi. Nawaacha wadhani hivyo. Bora niitwe kiziwi.