Kaseti ya Mjomba Katika Mpunga wa Igalula

Juzi nilikuta vijana pale mtaani Chemchem, wamevaa fulana nyeusi zenye mafuvu, wanajisifu kwamba wao ndio walioleta muziki wa metali, ule wa magitaa makali na makelele, Tabora. Nikacheka. Mpiga ngoma wa kwanza wa metali Tabora ni mimi hapa, niliyeishia darasa la nne na leo nina mashine zangu za kukoboa mpunga.

Zamani hizo mjomba alirekodi kaseti nzima chumbani kwake, yeye gitaa la kasi na kupayuka, mimi madebe. Chumba kilinuka jasho na mafuta ya taa. Mjini hakuna aliyevumilia hata upande mmoja. Bibi peke yake ndiye aliyeiomba, akaenda nayo shambani Igalula.

Mchana mmoja tulimfuata. Tukasikia sauti ya mjomba ikinguruma kwenye redio ya kaseti katikati ya mpunga, na ndege aina ya kwelea wakaruka wingu zima. Mimi nilidhani wanakwenda kututangaza Nzega.

Mjomba machozi yakamlenga. "Mama, kumbe umeipenda!"

"Sana, baba. Tangu asubuhi hajatua ndege hata mmoja," bibi alisema. "Sasa fanya upesi utoe nyingine, kali kuliko hii. Mtama nao unakaribia kukomaa."