Shule Aliyoichagua Wayua

Wayua alikuwa mjane aliyeuza ndengu katika soko la Tulia, na watu walimjua kwa jambo moja: hanunui kitu kabla ya kukichunguza. Gunia la ndengu alilitia mkono hadi kwapani, maana wauzaji huweka nzuri juu na zilizobunguliwa chini. Hivyo binti yake Wavinya alipomaliza gredi ya sita, Wayua hakumwacha tu aendelee palepale alipoanzia. Alisema ataikagua junia kwanza, yaani madarasa ya gredi ya saba hadi ya tisa, ya shule yao na ya shule ya ng'ambo ya mto.

Alianza na ile ya karibu, iliyokuwa nyuma ya kanisa lao. Junia ilikaa katika stoo iliyokuwa ya mahindi ya chakula cha watoto, yenye dirisha moja. Mwalimu wake alikuwa kijana kutoka Murang'a, jina lake Gathua, na alikuwa peke yake.

"Unafundisha masomo gani, mwalimu?"

"Yote, mama."

"Na ulisomea gani?"

Gathua alicheka bila furaha. "Kiswahili na historia. Sayansi naisoma pamoja na watoto. Siku nyingine wao ndio wananifundisha."

Wayua alimpenda kwa kutodanganya. Lakini alipotoka pale alijua kwamba ukweli wa Gathua hautamfundisha Wavinya hesabu.

Kesho yake alivuka mto. Ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na upande wa pili alikuta walimu wanne na maabara. Aliomba afunguliwe mlango. Akaufungua mfereji wa sinki, maji yakatoka. Hapo moyo wake ukatulia.

Aliporudi alimpitia Ndululu, dada ya marehemu mumewe. Ndululu alikuwa na binti wa rika la Wavinya, Mbithe, aliyepooza mguu mmoja tangu utotoni na kutembea kwa fimbo. Wasichana hao walikua kama pacha, na Mbithe ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi darasani.

"Wifi, usiende," Ndululu alisema. "Ukihama wewe, watu watakufuata. Wanakuamini."

"Mimi nampeleka mtoto wangu tu. Sijamwambia mtu ahame."

"Na Mbithe abaki na nani?"

"Si atabaki na mwalimu Gathua? Mwalimu yupo."

Ndululu aliinamia ungo wake. Aliendelea kupepeta mahindi mpaka Wayua akaaga.

Jumapili baada ya ibada, akina mama walimzunguka Wayua na kumuuliza alichoona. Akawaambia yote, pamoja na habari ya mfereji. Muhula wa pili ulipofunguliwa, ile stoo ilibaki na watoto wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Haukupita muda Gathua akapewa uhamisho. Watoto waliosalia wakaambiwa wavuke mto kama wenzao.

Mbithe alijaribu. Mama yake alimbeba mgongoni kwenye mchanga, msichana mkubwa, fimbo ikining'inia ubavuni, na wakafika wengine wakiwa wameshatoka kwa mapumziko. Wiki ya pili goti la ule mguu mzima likavimba kwa kubeba mwili wote njia iliyobaki. Mbithe akakaa nyumbani.

Huko ng'ambo nako mambo yaligeuka. Dawati la watatu lilikaliwa na watano. Walimu wawili kati ya wale wanne, wa hesabu na wa sayansi, walikuwa wa mkataba. Mkataba ulipoisha wakaenda zao, na hakuna aliyeletwa. Maabara ikafanywa darasa, sinki zikafunikwa mbao ili watoto wapate pa kuandikia. Novemba mvua ikanyesha, mto ukajaa, na watoto wa upande huu wakakaa nyumbani kusubiri maji yapungue.

Wayua alikwenda ofisi ya elimu kuomba junia ya karibu ifufuliwe. Afisa alimsikiliza vizuri. "Mama, lete watoto, mwalimu atakuja. Siwezi kupeleka mwalimu kwa kuta."

Basi akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Musyimi, mchoma matofali, hata hakukaribishwa kiti.

"Ni wewe ulituambia tuhame," Musyimi alisema. "Sasa unasema turudi. Watoto wetu ni mpira?"

"Niliwaambia nilichokiona."

"Na mimi nakwambia ninachokiona. Sirudi kwa stoo."

Nyumba zote zilimjibu vivyo hivyo, nyingine kwa upole, nyingine kwa ukali. Mwisho alifika kwa Ndululu. Alipendekeza Wavinya awe anakuja kila Jumamosi kumfundisha Mbithe yale waliyosoma.

"Wavinya naye anafundishwa na nani?" Ndululu aliuliza. Hakupandisha sauti. "Wifi, umeshatusaidia vya kutosha."

Januari Mbithe akapelekwa Kikima, kwa mjomba wake mwenye duka la nguo, akae ndani auze. Wayua alikuja kumuaga na mfuko wa ndengu za njiani. Ndululu aliupokea, akauweka chini, akaendelea kumfunga bintiye leso kichwani. Hakumtazama Wayua.

Bodaboda ilikuwa imeshawashwa. Wavinya alikuja mbio, bado amevaa sare, akasimama mbele ya Mbithe. Ni Mbithe aliyeanza kuongea.

"Sayansi mmefika wapi?"

Wavinya alimtazama mama yake, kisha akatazama chini.

"Bado hatujaanza," alisema.

Mbithe alitikisa kichwa polepole. Wakamsaidia kupanda, mama yake akapanda nyuma kumshika, na bodaboda ikashika njia ya kwenda barabara kuu.