Kikombe cha Strungi cha Mama

Maziwa yakifurika kwenye sufuria na kumwagikia makaa, ile harufu ya kuungua hunibana tumbo hata kabla sijakumbuka kwa nini. Nakwambia wewe kwa sababu wengi hucheka: mimi, mtoto wa Kapsoit, wa boma lenye ng'ombe watatu, nilikuwa naugua kwa sababu ya maziwa.

Wakati huo sikujua ni maziwa. Nilijua tu kwamba kila asubuhi, somo la kwanza likiwa halijafika katikati, tumbo lilivimba, likanguruma hadi wa dawati la nyuma wakasikia, kisha likaanza kukata. Nilikuwa mtoto wa kupanga penseli kwa urefu, wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu herufi moja imepinda. Sasa nilikuwa naomba ruhusa ya choo mbele ya wavulana. Kaka yangu Kiprono alisema wengine hapa kwetu hukimbia wapate medali, mimi nakimbia niwahi mlango.

Mama aliamua kosa ni mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kitu kichachu, alisema, kinachoma tumbo la mtoto. Akaninyima mursik, akaniongezea maziwa freshi, kikombe kikubwa cha moto, ya kutuliza. Alisimama karibu nami hadi nimalize, huku yeye akinywa strungi, chai isiyo na maziwa. Maziwa ni ya wanaokua, alisema. Tumbo likazidi. Akaongeza maziwa.

Likizo moja nilipelekwa Kedowa kwa Kogo, mama ya baba. Ng'ombe wake alikuwa anangoja kuzaa, hakamuliwi. Basi tulikunywa strungi, na jioni mursik iliyokuwa imebaki kibuyuni. Niliinywa kwa woga, nikingoja adhabu. Adhabu haikuja. Kila nikilala nilisikiliza tumbo, nalo limenyamaza. Nikaanza kushuku, na kushuku kwenyewe kukaniogopesha: ningemwambiaje Mama kwamba ninachougua ni kile anachonipa kwa mkono wake?

Sikumwambia. Nilirudi nyumbani, nikanywa, nikaumwa, hadi asubuhi ya mtihani wa darasa la nane. Siku hiyo ukienda choo, msimamizi anakufuata, na saa haikungoji. Kikombe kilikuwa mezani, utando mzito umetanda juu.

"Mama, leo naomba strungi."

Aliweka mwiko chini. "Uende mtihani na strungi, kama mtu hana ng'ombe?"

"Ni maziwa yananiumiza. Kwa Kogo sikuumwa hata kidogo."

Kiprono akaacha kutafuna. Mama alinitazama kwa muda mrefu, nami nikangoja kelele. Badala yake alisukuma kikombe chake mwenyewe hadi mbele yangu.

"Kunywa, Chebet. Ikipoa si tamu."

Maziwa yangu akampa Kiprono. Nilifanya mtihani wote bila kuinuka, tumbo limetulia, lakini moyoni nikiamini nimemwaibisha mama yangu.

Juzi, sasa nikiwa mtu mzima, mhudumu wa kliniki mjini Kericho alinieleza kwamba wako watu wasiopatana na maziwa freshi, na wengi wao yaliyochacha huwa hayawasumbui. Nilikimbia kumwambia Mama, kama mtu aliyebeba habari mpya. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Hata mimi," alisema, bila kuinua macho. "Tangu nikiwa msichana."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Wakati ule nimeolewa juzi tu, Kogo wako amenikamulia maziwa, nikatae? Nikazoea kunyamaza. Wewe nilifikiri ni mursik tu, na ya freshi ukianza mapema, tumbo litazoea."

Nikakumbuka alivyonitazama asubuhi ile ya mtihani. Miaka yote nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anajiona mwenyewe, ameketi mbele ya kikombe, akisema kile ambacho yeye hakuthubutu kusema.