Mtoto Asiyelala Chali

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau hainiachi. Ilikuwa miaka ya vita vya pili vya Mjarumani, kwetu Timbwani, huku Likoni. Mdogo wangu Athmani, mtoto wa miaka mitano, alikuwa akikohoa tangu mfungo. Watu wazima wakakata shauri: ni kimeo. Ndiyo yaliyokuwa mambo yetu. Mtoto akikohoa sana, kile kinyama kinachoning'inia kooni hukatwa, basi.

Mimi ndiye niliyelala naye. Nilijua kuwa halali chali. Akilala tu pumzi humkatika, mishipa ya shingo humtoka, basi usiku kucha huketi akaniegemea mgongoni. Nilipomwambia mama, alinijibu, "Nyamaza wewe! Umekuwa mganga lini?"

Mkata vimeo akaja. Wakamlaza Athmani chali mkekani, huyu kashika miguu, huyu kichwa. Kisu hakijamgusa, midomo imeshageuka rangi ya zambarau.

"Mwinueni!" Alikuwa bibi yetu, mama yake mama, yu mlangoni; yale niliyomwambia mama aliyasikia. Akamkalisha, akamtegea sikio kifuani, kisha akamgeukia mama. "Ugonjwa u kifuani, nyinyi mwakata koo! Huyu binti kakwambia, nawe wamziba mdomo. Kitanda usichokilalia, wajuaje kunguni wake?"

Mkata vimeo akacheka. "Haya bibi, kisu hicho, kata wewe."

"Nenda kachinje kuku!"

Asubuhi tukavuka feri kwenda hospitali. Bibi alikataa katakata mtoto alazwe chali, akapigwa picha ya kifua ameketi. Ikaonekana uvimbe kama ngumi katikati ya mapafu, umeikalia njia ya pumzi. Daktari hakutuficha: umekua mno, na dawa yake hana. Athmani alikufa kabla ya mwezi kuandama, ameketi, kichwa begani kwa bibi. Mama hakulia mbele za watu. Aliacha tu kula.

Sasa nisikilize. Mtoto akikohoa siku nyingi, akakataa kulala chali, au uso na shingo vikamvimba, usimlaze kwa nguvu, wala usimpe mtu wa kisu cha nyumbani. Mkalishe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe hilo: halali chali. Siku hizi dawa ziko, na wako wanaopona. Anayecheleweshwa ndiye humponyoka daktari. Na mtoto anayelala na mgonjwa akisema neno, usimfokee. Muulize zaidi.

Mola akujaalie wana wenye pumzi pana, wakuamshe alfajiri kwa kelele za kudai chai. Amin.