Jinsi Mkwe Wangu Alivyojifunza Kunikatalia

Nyumba ya binti yangu pale Gitega, Burundi, ilikuwa na milango miwili, na mkwe wangu alipitia wa nyuma kwa sababu wa mbele nilikuwa nimekaa mimi. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, na akikutana naye njiani humpisha hata kama njia ni pana kama uwanja wa mpira. Akitaka kujua kama nimelala vizuri, alimwuliza mkewe, mkewe akaniuliza mimi, nami nikamjibu mkewe. Na muda wote huo tulikuwa watu wazima watatu ndani ya vyumba viwili.

Nilikuwa nimetoka Muyinga kuja kumlea binti yangu, amejifungua mtoto wa kike. Nilikusudia nikae mpaka arobaini iishe, nirudi kwenye duka letu la chumvi na mafuta ya mawese. Lakini ilikuwa miaka ya vita. Barabara ya kurudi kwetu ikawa ya kupita kwa msafara wa askari, kisha hata msafara ukasimama. Mume wangu, fundi cherehani, alituma salamu kwa mtu wa baiskeli: duka lipo, yeye yupo, nisithubutu kusafiri. Basi nikabaki, mimi na mkwe wangu tukikwepana kama kuku na mwewe, na sijui nani alikuwa kuku.

Watu wa mtaa ule nawakumbuka wote kwa majina, hata mbuzi wa jirani jina lake ninalo. Sitayaandika. Wengi wako hai, na wengine siku hizi ni watu wakubwa.

Mkwe wangu alikuwa daktari, tena alikuwa anapasua watu kila siku, maana vita haikumwuliza kama amemaliza kusoma. Ila kwa karatasi hakuwa daktari wa upasuaji bado. Palikuwa na mtihani katikati. Alikuwa ameufanya mara moja akaanguka, na walikuwa hawaruhusu kurudia zaidi ya mara moja. Akianguka tena, ndiyo basi, atashika taa wenzake wakishika kisu, mpaka uzee wake.

Kila alfajiri baada ya sala alikuwa anatembea uani kati ya migomba, anasoma kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani anayehifadhi sura. Mimi shule ya serikali niliishia darasa la tatu, lakini masikio hayaishii darasani. Kwanza alisoma mwili ulivyopangwa, kila mfupa na mshipa wake. Kisha mwili unavyofanya kazi, kisha unavyoharibika. Halafu ndipo magonjwa: tumbo, mifupa, kichwa, njia ya mkojo, matezi ya shingo, watoto wachanga, walioungua moto, waliopigwa risasi. Nikiosha nepi nilikuwa namfuata kimoyomoyo. Siku akiruka mshipa wa ngiri, yaani mahali matumbo yanapotokea kinenani, nilijua ameruka, ingawa hiyo ngiri yenyewe sikuijua ndani ikoje.

Na mtihani wenyewe ulikuwa na vyumba vingi kama nyumba ya Mwarabu. Kuna siku ya karatasi: asubuhi unachagua jibu moja kati ya mengi, mchana unaandika mwenyewe. Kuna siku ya wagonjwa: unapewa mmoja, unakaa naye mpaka ujue habari zake zote, kisha unazieleza kwa maprofesa. Halafu unapelekwa kwa wengine harakaharaka, huyu uvimbe, huyu kidonda, useme ni nini. Mwisho kuna siku ya mdomo. Unakwenda meza hadi meza, kila meza ina wazee wawili, wanakuuliza, kengele inalia, unahama.

Karatasi alikuwa amefaulu. Wagonjwa alikuwa amefaulu. Mdomo ndio ulimwangusha, na binti yangu alinieleza jinsi ilivyokuwa siku moja tukimenya ndizi. Profesa mzee, mwenye mvi, alikuwa amemwambia: mtu kaanguka na baiskeli, tumbo limejaa damu, bandama imepasuka, anazidi kulegea. Huyu tumpe maji ya mshipa tu, tumwache mpaka asubuhi, sivyo? Mkwe wangu alijua kabisa kwamba mtu huyo atakufa kabla ya asubuhi. Akajibu, "Ndiyo, Profesa."

Nikauliza kwa nini. Binti yangu akasema, "Aliniambia hivi: ningewezaje kumwambia mzee mzima kwamba anakosea?"

Nilitaka kusema kwamba mama yake alimlea vizuri. Badala yake nikavuta ndizi nyingine, nikaendelea kumenya.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja Mkongomani wa Uvira, aliyekimbia kwao, akiuza vitenge sokoni. Alikuwa Mkristo, anaimba kwaya, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Alisikia habari ile akiwa upande wa pili wa uzio. Jioni akaja na kigoda chake, akamngoja mkwe wangu arudi.

"Dokta, weye uko na akili mingi," akamwambia, "lakini adabu ndiyo inakuua. Tutakupunguzia kidogo. Ni nani unaogopa kupita profesa?"

Mkwe wangu akatazama chini. Yule mama akaninyooshea kidole mimi.

Nilikataa. Nilisema kwetu Muyinga nikisikika nimebishana na mkwe wangu, mume wangu ataficha uso. Jirani akasema Muyinga iko mbali na barabara imefungwa, nani atapeleka habari. Binti yangu alikuwa anambembeleza mtoto mgongoni na kunitazama. Nikakubali, kwa sharti la pazia.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi upande huu wa pazia, mkwe upande ule, binti yangu ananinong'oneza la kuuliza, jirani anapiga mfuniko wa sufuria kuwa kengele. Kazi yangu ilikuwa kusema uongo kwa sauti ya mtu mzima. Nikamwambia: mtu ameungua mguu wote kwa maji ya moto, tutampaka siagi, sivyo?

Sauti ndogo ikasema, "Siagi siyo sana, lakini labda kidogo, kama mama anaona inafaa."

Jirani alianguka kutoka kwenye kigoda.

Tuliendelea hivyo jioni nyingi. Jirani akiuliza yeye, mkwe wangu alimkatalia bila shida, hata akamtania kwamba akimsikiliza atamaliza wagonjwa wote wa mkoa. Lakini nikifungua kinywa mimi, ulimi wake ulikuwa unajikunja. Tukaondoa pazia. Ikawa mbaya zaidi, akawa anazijibu kandambili zangu.

Wakati huo kitovu cha mtoto kilikuwa kimetokeza nje, akilia kinavimba kama yai. Kwetu jambo hilo lina dawa yake. Unaosha sarafu, unaiweka juu ya kitovu, unaifunga kwa kitambaa mpaka kirudi ndani. Wanangu wote niliwafunga. Asubuhi moja nimekaa mlangoni, mtoto mapajani, sarafu safi, kitambaa tayari. Mkwe wangu alikuwa anazunguka nyumba kwenda kazini. Akasimama.

"Hapana, mama. Tusimfunge."

Hakuwa amemwambia mkewe aniambie. Alikuwa ananitazama mimi, machoni, na hakuna aliyepiga mfuniko wa sufuria. Damu ilinipanda. Mkwe anayesema hivyo huja na mbuzi kuomba radhi. Jirani alikuwa anaanika vitenge, mikono ikabaki juu. Ningeweza kuingia ndani na kulia, na ingekuwa haki yangu. Lakini kinywa changu kilikuwa kimezoea kuwa profesa.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akanijibu kwa mpango, kama anavyosoma kwenye migomba. Hiyo ni ngiri ya kitovu. Kwa watoto wengi hujifunga yenyewe wakikua. Ikibaki wakati wa kwenda shule unakaribia, au ikikaza na kuuma na mtoto akatapika, hapo anapasuliwa. Sarafu haizibi kitu, inachubua ngozi tu, na uchafu unaingia.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Kisha akaelewa alichofanya. Akakimbia, akasahau hata mkoba wake. Jirani akashusha mikono, akacheka mpaka akashika uzio. "Sasa anaweza kwenda," akasema.

Sarafu ile tulinunulia karanga.

Mwaka ule maprofesa walikuja Gitega wenyewe, kwa kuwa watahiniwa hawakuweza kusafiri. Siku ya mdomo nilishinda na tasbihi. Jioni alitueleza, amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mzee mwenye mvi alikuwepo tena. Alimpa habari ya mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko, mkono wa baridi, mshipa haupigi. Akamwambia tumfunge plasta, arudi baada ya wiki, sivyo?

"Nikamwambia: hapana, Profesa. Mfupa urudishwe leo hii, nihakikishe damu inapita. Nikifunga plasta tu, mtoto atapoteza mkono."

Mzee alikunja uso, akamwuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Kengele ikalia, akahama, na hakuna aliyemwonyesha kama amepatia au amekosea. Tukala. Hata jirani alinyamaza, na hilo sijaliona tena.

Siku ya pili mchana nilikuwa peke yangu na mtoto, binti yangu kaenda kuteka maji. Mkwe wangu akaingia kwa mlango wa mbele, na vumbi lote la njia. Akasimama mbele yangu.

"Mama, nimefaulu."

Nilitaka kumjibu kupitia kwa mkewe, lakini mkewe hakuwepo. Ikabidi nimjibu mwenyewe, na safari hii aliyetazama chini ni mimi. Nikamwambia hongera, baba. Nikamwambia akae. Akakaa, nikammiminia chai ya tangawizi kwa mkono wangu, tukanywa watu wawili, tunachekacheka tu.