Ulimi Usio Wangu

Leo nimekosana na jirani kwa sababu ya ulimi ambao si wangu.

Nimefinyanga sanamu ya udongo, nikiiga zile za kuchongwa za visiwa vya Polinesia. Macho makubwa, ulimi nje mpaka kidevuni.

Asubuhi nikaiweka kwa korido ikauke, hapa kwa ploti yetu Kangemi. Sikuangalia imeangalia wapi.

Imeangalia mlango wa Mama Shiru.

"Hii kitu yako inanitolea ulimi tangu niamke. Nimekukosea nini?"

Ningesema pole, niigeuze, yaishe.

Lakini wapi! Lazima nifundishe watu.

"Si matusi, Mama Shiru. Huko kwao, ulimi ni wa kutisha adui."

"Kwa hivyo mimi ni adui."

Akabamiza mlango.

Jioni hii amerudi, mpole kama maji ya mtungi. Anataka nimfinyangie yake. Moyo wangu! Hatimaye mtu ameelewa sanaa.

"Lakini ulimi uwe mrefu kuliko wa hii yako," akasema. "Nitaiweka iangalie mlango wako."

Ndiye mteja wangu wa kwanza, jamani.

Nimtengenezee vizuri, ama nijihurumie?