Afande Aliyeonja Chai ya Wageni

Afande wa Gungu ametutoka. Tumemzika Jumanne, na wasomaji wangu wa Kigoma waliowahi kunywa chai kwake najua wanatabasamu huku wanafuta machozi. Mzee yule alikuwa akikumiminia chai, anapiga funda kwenye kikombe chako hicho hicho, ndipo anakukabidhi. Wageni kutoka mikoa mingine walinung'unika kwamba ni mlafi. Waha wa makamo hawakushangaa sana, maana kwao mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni ili aondoe shaka. Lakini chai jamani?

Siku moja nikamuuliza. Akanisimulia kwamba ujanani kikosi chake kilipelekwa ng'ambo, wakati wa vita, kulinda kambi ya mateka. Mateka wakagoma kula kwa kuamini chakula kimetiwa sumu. Wakubwa wakaona ni jeuri, wakaamuru sahani zirudishwe jikoni. Mateka mmoja alikuwa amelegea, hata kukaa hawezi. Basi Afande, aliyekuwa na zamu ya mlangoni, akamwachia mwenzake bunduki, akaingia, akamega ugali wa yule mgonjwa kabla sahani haijaondolewa, akala mbele ya wote. Nao wakala. Yeye akaadhibiwa kwa kula na adui. Nilipomuuliza kama alijutia, alinitazama kwa mshangao.

"Mwanangu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Wangeniaminije hivi hivi?"

Wiki chache zilizopita nilimkuta hospitalini, homa imemvuruga akili. Alikuwa amebana meno, hataki uji, anawatazama wauguzi kwa woga. Walimbembeleza, mwanawe akamfokea, wapi. Daktari alishasema asipokula hatafika mbali. Mkewe akachukua kijiko, akanywa yeye kwanza, akafungua kinywa amwoneshe. Mzee akamtazama kwa muda, kisha naye akafungua chake. Nilitoka nje nikalia, sioni aibu kusema. Uji ule ulimpa siku kadhaa za kuagana na watu wake.

Wengi wetu tumeshika funguo za watu, wodini, ofisini, vituoni, na mtu akitushuku tunamwita mkaidi. Nadhani anayeshika ufunguo ndiye anayepaswa kuanza. Tuliporudi kutoka makaburini mjane alinimiminia chai, akapiga funda, akanipa. Niliinywa yote.